Galaksi hazigongani kama malori, ni bamvua

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Bagamoyo, tumekaa na mjomba pale ufukweni zinapoegeshwa ngalawa, tunasubiri maji yajae, akaniuliza jambo alilolisikia redioni. "Mpwa wangu, hivi ni kweli kuna galaksi inakuja kuigonga hii yetu?" Nikamjibu inakuja mjomba, lakini hilo neno kugonga ndo linaloniuma. Galaksi ni kundi kubwa la nyota, kama hili lenye Jua letu ndani yake, na mimi kazi yangu ni kutengeneza galaksi za mfano kwenye kompyuta na kuziangalia zinavyoungana, na kila nikiongea na watu naona wakisikia "kugongana" wanawaza malori mawili uso kwa uso barabara ya Msata. Sivyo kabisa jamani, na ndo maana naandika hii posti.

Chukua Jua letu ulipunguze mpaka liwe punje moja ya ulezi, uishike mkononi hapa Bagamoyo. Nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri, ambayo nuru yake inachukua miaka 4.2 kutufikia, itakuwa kapunje kadogo zaidi kapo Unguja Mjini. Kati yao hamna kitu, bahari tupu. Sasa galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni 100 zilizoachana namna hiyo, ukiipitisha ndani ya nyingine ambayo nayo nyota zake zimeachana hivyohivyo, punje ngapi zitagusana? Karibu hakuna. Galaksi nzima inapita ndani ya mwenzake, inatokea upande wa pili, na nyota hazijagusana.

Mjomba akasema basi kama hazigusani mbona nasikia zinaharibika. Swali zuri sana hilo, na jibu lake lilikuwa mbele yetu palepale.

Mwezi hauivuti Dunia yote kwa nguvu sawa. Upande ulio karibu nao unavutwa zaidi, katikati kiasi, upande wa nyuma kidogo, na hiyo tofauti ndo inayoinua maji pande zote mbili, wa mbele na wa nyuma, ndo maana maji yanajaa mara mbili kwa siku na sio mara moja. Jua na mwezi vikikaa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tunapata bamvua, mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu. Haya mjomba anayajua kuliko mimi, ndo kalenda yake ya kazi. Basi galaksi ikipita karibu na nyingine ni hilohilo: nyota za upande wa karibu zinavutwa mbele zaidi ya wenzao, zinatengeneza kama daraja kuelekea kwa mgeni, na za upande wa mbali zinaachwa nyuma, zinachirizika kuwa mkia. Daraja huku, mkia kule, kama maji yanavyoinuka pande mbili. Ila bahari imeshikwa vizuri na Dunia, ikikupwa itarudi, wakati nyota za ukingoni mwa galaksi zimeshikwa kidogo tu, zikishatoka zinakaa huko mamia ya mamilioni ya miaka na nyingine hazirudi tena.

Halafu hii tofauti ya mvutano, sio mvutano wenyewe, inabadilika sana kwa umbali. Ukipunguza umbali kwa nusu haiongezeki mara mbili wala mara nne, inaongezeka mara 8! Kwa hiyo galaksi mbili zinaweza kukaribiana mabilioni ya miaka zimetulia kabisa, halafu mambo yote yakatokea kwa muda mfupi zikishakuwa karibu.

Na kuna suala la upande wa kuzunguka, hili nalipenda kupita kiasi. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea ukaenda na mwendo wake, anapaa. Galaksi ikiwa inazunguka kufuata upande uleule anaopita mgeni, nyota za ukingoni zinaandamana naye muda mrefu, zinavutwa muda mrefu, mkia unatoka mrefu na mwembamba. Ikizunguka kinyume, kila nyota inapishana naye haraka na galaksi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Walioonyesha hili vizuri ni ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, mwaka 1972, kwa kompyuta dhaifu za wakati ule na nukta chache tu badala ya nyota, na wakapata umbo la zile galaksi mbili zinazoitwa Antennae, kwenye kundinyota la Ghurabu, na mikia yake miwili. Kabla ya hapo wapo wataalamu waliokuwa hawaamini kwamba nguvu ya mvutano peke yake inaweza kuchora mikia kama ile.

Lakini anayenigusa zaidi ni Erik Holmberg wa Sweden, 1941, kompyuta hamna. Alichukua taa 74, balbu, 37 kwa kila galaksi, akazipanga mezani. Kwa nini taa? Kwa sababu mwanga unapungua kwa umbali kwa kanuni ileile ya mvutano wenyewe, ukienda mbali mara mbili unabaki robo. Kwa hiyo alipima mwanga unaofika mahali pa kila taa, akajua inavutwa wapi na kwa kiasi gani, akaisogeza kidogo, akapima tena, akasogeza tena, taa moja moja. Na akaona mikono ya galaksi, ile mistari ya nyota iliyojipinda, inajitokeza pale mezani na galaksi zinapoteza mwendo kiasi cha kuweza kunasana. Kila nikiwasha programu yangu namkumbuka huyu mtu.

Sasa kunasana kunakujaje, maana kama zinapitana si ziende zake? Hapa kuna kitu kama breki. Galaksi ikipita katikati ya nyota za mwenzake na ile mata isiyoonekana inayoizunguka, inazivuta zije kwake, lakini zikifika yenyewe imeshasogea mbele, kwa hiyo zinajazana nyuma yake, na zikishajazana zinaivuta kurudi nyuma. Jahazi na mkondo wake, tofauti ni kwamba huu mkondo unalivuta jahazi. Spidi inapungua, galaksi inaenda mbali inasimama inarudi, inapita tena karibu zaidi, tena na tena, mpaka zinakuwa kitu kimoja. Tangu kupitana mara ya kwanza mpaka hapo inaweza kuchukua miaka bilioni moja au zaidi. Ule mzunguko mzuri wa nyota kwenye galaksi iliyo bapa kama sahani unavurugika, nyota zinaenda kila upande, na mara nyingi kinachobaki ni galaksi ya duara kama yai.

Gesi ndo inagongana kweli, hiyo mawingu yake ni mapana. Inapoteza mwendo, inazama katikati, inabanwa, na nyota mpya zinazaliwa kwa wingi, ndo maana Antennae inawaka vishada vya nyota changa. Mashimo meusi ya katikati, yaani vitu vizito mno ambavyo hata nuru haitoki, nayo yanazama, yanazungukana, mwishoni yanaungana. Shirika la anga la Ulaya linaandaa chombo cha LISA kirushwe miaka ya 2030 kusikiliza mawimbi ya mvutano yanayotoka kwenye miungano hiyo.

Tukirudi kwenye swali la mjomba: hiyo inayokuja ni Andromeda, iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa na inatusogelea kama kilomita 110 kwa sekunde. Mwaka 2012 wataalamu wa darubini ya Hubble walisema zitakutana baada ya miaka bilioni 4 hivi, lakini utafiti wa 2025 uliojumuisha na mvutano wa galaksi za jirani ulipata kwamba ndani ya miaka bilioni 10 uwezekano wa kuungana ni nusu kwa nusu. Mimi naukubali huo wa pili, maana kosa dogo kwenye kupima mwendo wa pembeni wa Andromeda linabadilisha hadithi yote. Na galaksi yetu imeshaungana na nyingine zamani, mwaka 2018 data za Gaia, chombo cha anga kilichopima mahali na mwendo wa nyota, zilionyesha nyota za galaksi tuliyoimeza miaka bilioni 10 hivi iliyopita, bado zinatembea humu kwa mwendo wao wa kigeni.

Ila jirani wa kumwangalia sasa yupo kusini. Mwezi wa Desemba na Januari, usiku, ukienda upande wa Kaole kusiko na taa nyingi ukatazama kusini utaona viwingu viwili visivyosogea na upepo. Ni galaksi ndogo, Mawingu ya Magellan, lile kubwa liko miaka ya nuru 160,000 na inaelekea litaungana na galaksi yetu kabla ya Andromeda. Darubini za redio zinaona mkia mrefu wa gesi unaovifuata, umekata anga.

Mjomba anavijua hivyo viwingu, anaviona kila akitoka usiku. Akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa kule kwao, maji yanajaa au yanakupwa?"

Nikamwambia yanakupwa mjomba, gesi ndo imetangulia kutoka.