Acheni kupaka oili chafu chini ya magari yenu

Jumamosi kaja kijana na Subaru Impreza ya bluu, toleo la GC8, gari la miaka ya 1990 lakini juu linang'aa mpaka unajiona, kalitoa Dar kaja nalo Kigoma kwa kupitia Tabora. "Shikamoo fundi. Niangalizie breki, nikikanyaga gari linavuta kushoto. Ila chini usihangaike, jana nimepigiwa oili chafu na dizeli, kutu haigusi." Nikaitikia, nikaliingiza kwenye shimo, nikawasha tochi. Pedi ya mbele kulia imelowa oili chapachapa, diski inameta rangirangi kama dimbwi lililomwagikiwa petroli. Ndiyo maana gari linavuta kushoto, huko ndiko breki bado inashika. Pedi hizo ni za kutupa, usinidanganye kwamba utazifuta na tina.

Nimechoka jamani. Hilo ni gari la nne tangu mvua ziishe na kila mwenye gari ananiambia neno lilelile, oili chafu ni dawa ya kutu, tena ni bure. Oili chafu imetolewa kwenye injini kwa sababu imechoka, ina maji kidogo, ina asidi zinazotokana na petroli iliyoungua, ina masizi na unga wa vyuma, yaani umeitoa ili isile injini halafu unaenda kuipaka kwenye bati la gari ulilolinunua kwa jasho. Bushi, zile pete za maungio ya miguu ya gari, nyingi ni za mpira, na mpira wa asili ukizoea kulowa oili unavimba na kulainika, unaibonyeza bushi kwa kidole inabonyea kama embe lililoiva. Gari la kwenda sokoni pengine hutahisi, lakini gari kama hili limetengenezwa ligeuke palepale unapoligeuza, bushi zikilegea kile ulicholipia kimekwenda. Eksozi sielezi sana, oili ikidondokea pale inafuka na inaweza kuwaka. Na nyie vijana mnaopuliza hiyo oili bila glovu wala barakoa, ina vitu vinavyoleta saratani ya ngozi, vaeni glovu.

Sasa kuna hoja moja naiheshimu. Mzee mmoja wa Ujiji aliniuliza, "Mwanangu, mbona Land Rover yangu inavuja oili ya giaboksi miaka yote, na pale inapovujia chasisi haina kutu hata chembe?" Ni kweli, nimeiona kwa macho yangu, na siwezi kusema oili haizuii kutu kabisa. Kutu inataka chuma, maji na hewa, oili ikikaa katikati inazuia. Lakini angalia kinachotokea kwa mzee: ni oili ya giaboksi ambayo haijachanganyika na uchafu wa petroli iliyoungua, inavuja kila siku kwa hiyo haikauki, na ilianza kuvujia kwenye chuma kinene kikiwa bado kisafi. Wewe unapuliza mara moja, juu ya tope, halafu unaingia barabara ya vumbi, wiki mbili tu vumbi letu jekundu limeshainywa oili yote na limekuwa gamba. Nimebandua gamba la hivyo kwenye mojawapo ya yale magari matatu yaliyotangulia Impreza, nyuma ya tairi, unene wa kidole, juu kavu kabisa, upande uliogusa bati umelowa na una rangi ya chai ya rangi. Hilo gamba linashika maji, na mvua zetu zikianza kuelekea Novemba zinakwenda mpaka Mei, hesabu mwenyewe bati litakaa limelowa miezi mingapi.

Na kabla ya tope letu kuna kitu ambacho gari lilikuja nacho. Magari haya yanatoka Japani, na Japani ya Hokkaido na Niigata ina theluji nyingi, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na matumizi ya chumvi yaliongezeka baada ya tairi za misumari kupigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chumvi inaingia kwenye maungio ya bati, inakaa humo, na ile ya kalsiamu kloraidi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana mtu anashangaa gari limelala ndani, halijanyeshewa, na kutu inaendelea kutafuna. Haihitaji mvua. Sasa ukipaka oili, au lami, au chochote juu ya chumvi, umeifunika chumvi vizuri iendelee na kazi yake.

Hapa Kigoma tunaongeza na ya kwetu. Mtu anapita Uvinza, ananunua chumvi ya zawadi, anaitupa kwenye buti ya gari la thamani hivyo, mfuko unatoa jasho, yale maji ya chumvi yanateremka kwenye shimo la tairi la akiba. Weka kwenye beseni la plastiki, ni hilo tu.

Kinachoniuma kuliko oili ni andasili nyeusi, ile lami ya kupaka chini ya gari, ikipakwa juu ya kutu. Linakuja gari chini limepigwa lami nzuri nyeusi, linaonekana jipya, mwenyewe anajivunia. Mimi nachukua bisibisi naigeuza, nagonga na mpini polepole kwenye boksi la chini ya mlango, ti, ti, ti, halafu ghafla, pu. Hapo pamekufa. Kwenye Impreza hii pu ilikuwa ndani ya madigadi ya nyuma kushoto, nikachokoa kidogo na ncha, lami ikanyanyuka kama ngozi ya lengelenge, maji ya kahawia yakanitiririkia kwenye kiganja, na nyuma yake bati limebaki jepesi kama jani kavu, unaweza kulichana kwa kucha. GC8 zinaanzia hapo, madigadi ya nyuma, na pale shokapu ya nyuma inapokamata bodi kwa juu, kwa hiyo ukienda kununua ng'oa zulia la buti uangalie, usiangalie rangi. Tena waliopiga lami walikuwa wameziba matundu yote ya kutolea maji chini ya milango. Yale matundu siyo makosa ya kiwandani! Maji yanayoingia ndani ya boksi yanatokea hapo, ukiziba boksi linakuwa ndoo na kutu inaanzia ndani, wewe uko nje unapaka lami.

Kwa hiyo mimi nafanyaje. Kwanza naosha, na siyo kwa mashine ya presha kama wengi wanavyodhani. Presha inasukuma tope na chumvi ndani zaidi ya maungio, na ukiisogeza karibu inapita sili za beringi na mipira ya sivijointi, vile viungo vinavyozungusha tairi. Natumia mpira wa kawaida wa bustani, maji mengi, muda mrefu, ndani ya madigadi na kwenye kila tundu, mpaka yanayotoka ni meupe. Gari liwe limepoa, usimwagie maji diski zenye moto. Liwe kwenye stendi nne au kwenye shimo, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Halafu kukausha, na hapa watu hawana subira. Napuliza kompresa kwenye matundu, naliacha juani siku mbili tatu, ndiyo maana kazi hii napenda kuifanya Julai au Agosti. Kutu nyembamba naipiga brashi ya waya na msasa, praima ya zinki, rangi. Kutu iliyotoka magamba inakatwa na kuchomelewa bati jipya, hakuna njia nyingine. Ile dawa ya asidi ya fosforiki inayogeuza kutu kuwa nyeusi naitumia, lakini siiamini moja kwa moja: nimepaka madigadi mawili ya gari moja siku moja, la kulia mpaka leo limetulia, la kushoto kutu ilirudi mvua za kwanza. Nadhani kushoto sikufika kwenye chuma chenyewe.

Ndani ya maboksi napuliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba unaopita kwenye matundu, inapenya kwenye maungio na haigandi ikapasuka kama lami. Nje, ndani ya madigadi, naweka andasili laini juu ya rangi safi tu, kwa sababu ya mawe. Sehemu za kuwekea jeki nazirudia kila mwaka, pale ndipo jeki inapochubua.

Impreza bado iko kwenye stendi, pedi mpya zimefungwa, oili chafu nimeitoa kwa sabuni na maji ya vuguvugu siku nzima, kiraka cha kushoto kinasubiri bati. Kijana nimemwambia aje Alhamisi avae nguo za kazi, nataka aingie shimoni agonge mwenyewe.