Je, wajua kwa nini wimbo wa Wamaasai hauna ngoma?

Ukialikwa harusi ya Kimaasai Monduli, au kwa Waarusha wanaolima kwenye miteremko ya Mlima Meru, mdundo utakufikia kabla hujawaona waimbaji. Mgeni huanza kuitafuta ngoma ilipo. Haipo. Mdundo ule unatoka makooni mwa watu.

Anayeongoza huitwa olaranyani. Yeye hutoa mstari, kundi hupokea, naye hupanda juu yao na ubeti mwingine. Waitikiaji hugawana kazi: hawa wanashikilia ile ngurumo nzito ya kooni, wale wanakata pumzi vipande vipande, hoo, hoo, mpaka vifua vyenyewe vinakuwa ngoma. Watazame shingo. Pumzi ikitoka, kichwa kinakwenda mbele. Ikiingia, kinarudi nyuma. Akina mama wanatikisa mabega, na shanga pana za shingoni zinapanda na kushuka kwa wakati uleule. Moran akiruka, sauti nazo hupanda kadiri anavyokwenda juu.

Sasa kwa nini hawakuchukua ngoma? Jibu linalosikika sana ni kuhamahama: mfugaji anayefuata malisho, mizigo yake ikiwa juu ya punda, atabebaje gogo lililowambwa ngozi? Kuna ukweli hapo, lakini kwangu halitoshi. Wagogo wa Dodoma nao ni wafugaji, na wana zeze, marimba na ngoma. Isitoshe, Wamaasai wenyewe wana pembe ya tandala, ambayo hupulizwa katika eunoto, sherehe ya morani kupanda daraja. Ala wanaijua, na wanaibeba pale wanapoihitaji.

Nionavyo, sababu yenye uzito zaidi ni rika. Kwenye ngoma wachache hupiga na wengi hucheza. Hapa vijana waliotahiriwa pamoja huimba pamoja, na kila koo ni sehemu ya ala. Wachache wakinyamaza, pengo linasikika papo hapo. Wimbo wa namna hiyo unawataka watu wote wawepo, na sidhani kama kuna chombo kingeweza kuwafunga vijana kwa nguvu kiasi hicho.

Olaranyani naye si msanii wa kukodiwa. Anachunga kama wenzake. Kundi moja laweza kuwa na waongozaji kadhaa, na anayeanza ni yule anayeumudu zaidi wimbo husika. Inambidi awe na kumbukumbu kali: sifa za ng'ombe, ushujaa dhidi ya simba, mapenzi, na zile kejeli ambazo wavulana na wasichana hurushiana. Akiwa hodari, huchomeka ubeti mpya palepale. Hapo ndipo mwimbaji anakuwa msimulizi, na habari za watu zinapata mahali pa kukaa bila kuandikwa.

Ndiyo maana huniuma kuona wimbo huu ukioneshwa kwa watalii kama mchezo wa kuruka tu, beti zikiachwa kana kwamba ni makelele ya kusindikiza.

Mjini Arusha wapo waliousikiliza vizuri zaidi. Kundi la hip hop la X Plastaz lilimchukua Yamat Ole Meipuko, maarufu kwa jina la Merege, aimbe Kimaasai kando ya marapa wanaochana kwa Kiswahili. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004, na ndani yake koo la mfugaji linaongoza midundo ya studio kama lilivyozoea kuongoza vifua vya wenzake.