"Sambaza Mpaka Akamatwe": Tunayoyaamini Kuhusu Watoto Mtandaoni, na Ukweli Wake

"Kusambaza video kunasaidia kumnasa mhalifu."

Hii ndiyo dhana inayofanya madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu huenezwa na watu wema. Video inadondoka kwenye grupu la wazazi usiku: mtoto anadhalilishwa, sura yake inaonekana waziwazi, na chini yake pameandikwa "Sambaza magrupu yote mpaka huyu mnyama akamatwe." Kabla hakujakucha imeshapita kwenye grupu la kwaya, la kikoba na la mtaa. Kila aliyeirusha anaamini ametoa mchango wake.

Sheria haioni hivyo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, kinakataza kuchapisha picha za ngono za mtoto, kuzifanya zipatikane, au kumrahisishia mwingine kuzifikia kupitia mfumo wa kompyuta. Simu yako imo humo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kenya wamekaza zaidi: kwa sheria yao ya mwaka 2018, hata kukaa nayo tu kwenye simu ni kosa, na adhabu yaweza kufika miaka 25 jela au faini ya shilingi milioni 20 za kwao. Kujitetea kwamba "nilikuwa nasaidia" si kinga ya kuitegemea.

Tena huo msaada wenyewe haupo. Ujumbe wa WhatsApp ukishapelekwa mbele, anayeupokea haoni aliyeutuma mwanzo. Kila anayerusha anafunika nyayo za aliyemtangulia. Polisi wanachohitaji ni namba iliyokuletea, jina la grupu, tarehe na saa. Andika hayo, usirushe, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi ukiwa na simu yako, wao ndio wakuelekeze la kufanya na video yenyewe. Mtoto wa kwenye ile video ana shule, ana majirani, na wote wana simu.

"Wahalifu ni watu wa mbali wasiojulikana."

Wapo wa mbali, lakini si hao tu, na tukiwatazama hao peke yao tunampa nafasi aliye karibu. ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF walifanya utafiti kuhusu jambo hili Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa. Kwa Tanzania walikadiria kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, yaani kama watoto 200,000, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi aliyewatendea ni mtu waliyekuwa wanamfahamu.

Namna yake ni ya kawaida mno, ndiyo maana haishtui. Mtu mzima anamrushia binti bando la wiki. Anamsifia picha. Anamsikiliza malalamiko ya nyumbani kuliko anavyosikilizwa na mtu yeyote pale ndani. Baada ya muda yanakuja maneno mawili ambayo mzazi angepaswa kuyaogopa kuliko jina geni lolote: "usimwambie mama". Ombi la picha huja baada ya hapo, na picha ya kwanza ikishatoka, ndiyo inayotumika kudai ya pili.

"Wa kiume hana la kuogopa."

Analo. Akaunti feki yenye picha ya msichana mrembo inamtafuta kijana, mazungumzo yanahamia kwenye video, kijana anajirekodi, na dakika chache baadaye anatumiwa orodha ya marafiki zake: lipa, au wote wataiona. FBI ya Marekani imeonya kwamba walengwa wakubwa wa utapeli huu ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Kulipa hakuumalizi, maana aliyelipa mara moja ameshaonyesha kwamba analipa. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inayoipa picha alama ya kidijitali bila picha yenyewe kutoka kwenye simu. Mitandao inayoshiriki, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuisaka picha na kuiondoa.

"Si alijipiga picha mwenyewe?"

Swali hili huulizwa kwa ukali, mara nyingi fimbo ikiwa mkononi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaja kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Zanzibar, yenye sheria yake ya mwaka 2011, ni hivyo hivyo. Mtu mzima aliyeiomba picha, akaipokea au akaitumia kutishia, hajifichi nyuma ya kisingizio kwamba mtoto alikubali. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba ni wachache mno waliofika polisi. Wengi walimwambia rafiki au hawakumwambia mtu kabisa. Kwa maoni yangu sababu haifichiki: mtoto anajua nyumbani ataanza kuchapwa yeye.

Kumnyang'anya simu nako kunamfundisha jambo moja tu, kwamba akisema ataipoteza.

"Futa kila kitu, meseji si ushahidi."

Ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, nayo ya mwaka 2015, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Kwa hiyo usifute mazungumzo, usimtukane mtuhumiwa kwa simu ya mtoto (atafuta akaunti na kupotea), na usizitoe nakala zile picha za utupu. Piga picha ya skrini ya maneno, namba na jina la akaunti. Kumzuia asiendelee kutuma kufuate baada ya hapo.

"Tuyamalize kifamilia."

Wazee wanakaa, mtuhumiwa anaomba radhi, pesa kidogo inapita, na binti anaambiwa asahau. Hakuna mwenye mamlaka ya kuiuza kesi hiyo, hata baba mzazi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa, na hapo afisa ustawi wa jamii ana kazi yake. Jirani naye amo. Asiyetaka kuonekana akiingia ofisini apige 116, namba ya watoto inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Haidai salio, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.