Konabeki wa chuo: mimi huanza na miguu

Kila mwaka, majaribio ya Indianapolis, ambako wachezaji wa chuo wa futiboli ya Marekani hupimwa mbele ya timu za kulipwa, yakiisha, swali ninaloulizwa ni moja: yule kijana kakimbia sekunde ngapi? Nalielewa, maana sekunde kila mtu anaweza kuzilinganisha. Lakini siku ya mechi konabeki, yaani beki wa pembeni anayewakaba wapokeaji wa pasi, hakimbii yadi 40 za mstari ulionyooka, peke yake. Anaanza kwa kurudi kinyumenyume huku akimkabili mpokeaji anayejua anakokwenda, na yeye hajui. Kwangu hakuna kazi ngumu kuliko hiyo uwanjani, ukimtoa kwotabeki, mrushaji wa pasi. Kwa hiyo nikimpima mchezaji wa chuo kwa ajili ya drafti ya NFL, yaani zamu za timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wa chuo, karatasi ya sekunde naifungua mwisho.

Naanza na video, tena si ya televisheni. Televisheni inafuata mpira, na konabeki mzuri anakaa mchezo mzima mpira usimfikie. Nataka ile ya kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, niurudishe mchezo uleule, tangu mpira uanzishwe hadi usimame, mara sita au saba nikitazama miguu yake tu.

Tumchukue Ahmad Gardner, maarufu kwa jina la Sauce, alipokuwa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Simamisha video pale mpira unapoanzishwa. Mpokeaji yuko mbele yake karibu kugusana, anatikisa mabega kushoto, kulia, anataka Gardner arushe mikono ili ampite upande ulioachwa wazi. Gardner harushi. Anasogeza miguu kidogokidogo, chini chini, nyonga hazijafunguka upande wowote. Anangoja. Mpokeaji anapoamua njia ndipo mkono mmoja unatua kifuani mwake, na ule mkono una urefu wa inchi 33.5. Mpokeaji ameshachelewa nusu hatua kabla hata kwotabeki hajainua macho. Subira ya namna hiyo saa haiipimi. (Saa nayo ilimpa sekunde 4.41, kasi ya kutosha kabisa kwa mtu wa futi sita na karibu inchi tatu.)

Katika misimu mitatu ya chuo hakufungwa tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho) hata moja na mchezaji aliyekuwa akimkaba. Waliomtilia shaka walisema Cincinnati haikuwa ikicheza na vigogo kila wiki, na shaka hiyo ilikuwa ya haki. Ndiyo maana nusu fainali ya ubingwa wa vyuo ya Desemba 31, 2021 dhidi ya Alabama niliitazama kuliko mechi zake nyingine zote. Cincinnati walilala 27-6, lakini ushindi wa Alabama ulijengwa na mbio: Brian Robinson peke yake alipata yadi 204. Gardner hawakumchokoza sana.

Kilichonisumbua kwake ni mikono hiyohiyo. Chuoni beki anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji hadi pasi itakaporushwa. NFL ruhusa hiyo inakoma yadi tano kutoka mstari wa kuanzia. Na adhabu zinatofautiana mno: chuoni kumzuia mtu asidake pasi kunagharimu yadi zisizozidi 15, kwa wakubwa mpira unapelekwa palepale kosa lilipotokea, hata ikiwa ni yadi 45. Kwa hiyo kila ninapoona kiganja kimeshika jezi yadi kumi na mbili mbele, naandika, hata kama mwamuzi hakupuliza. Kosa ambalo chuoni halikuonekana, Jumapili kwenye NFL litaibeba timu pinzani hadi langoni.

Kuna na jambo la alama za uwanja ambalo watu hulisahau. Alama ambazo mpira huwekwa kati yake zina upana wa futi 40 chuoni. NFL ni futi 18 na inchi 6. Chuoni basi upande mmoja mara nyingi unakuwa mwembamba sana, na konabeki anayepangwa huko kila mara ana msaidizi asiyechoka, yaani mstari wa pembeni. Huyo lazima nimtafutie michezo aliyokaa upande mpana, hata ikiwa ni kumi tu.

Pasi za wapinzani alizonasa? Nazihesabu, lakini siziamini upesi. Justin Gilbert wa Oklahoma State alinasa saba mwaka 2013, akakimbia sekunde 4.37, Cleveland wakamchukua wa nane mwaka 2014. Katika NFL alinasa moja tu. Gardner alinasa tatu kila msimu, idadi ya kawaida, kwa sababu makwotabeki walikuwa wanamkwepa. New York Jets walimchukua wa nne mwaka 2022, na msimu huohuo aliongoza ligi nzima kwa kuzuia pasi 20, akiwa amenasa mbili.

Aliyechaguliwa mbele yake, wa tatu, alikuwa konabeki mwingine: Derek Stingley Jr. wa LSU, kwenda Houston. Huyu ndiye aliyekuwa mtihani mgumu. Mwaka 2019, akiwa mgeni chuoni, alinasa sita na timu ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi. Mwaka 2021 mguu uliumia, akacheza mechi tatu. Uamini video ipi? Mimi huamini ile ya mwili mzima, mradi madaktari waseme mguu umepona, kwa sababu nyonga zinazogeuka vile hazifundishwi. Mwaka 2024 Stingley aliingia kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani cha wachezaji bora wa NFL.

Na usimfute mtu kwa sababu ya mikono mifupi. Trent McDuffie wa Washington alipimwa inchi 29.75, karibu inchi nne chini ya Gardner, akasubiri hadi nafasi ya 21 ndipo Kansas City wakamchukua. Wakamsogeza ndani, karibu na katikati ya uwanja, ambako mpokeaji ana njia mbili za kukimbilia na mstari wa pembeni uko mbali. Huko miguu ndiyo kila kitu, na mwaka 2023 naye akawa All-Pro.