Mbu akishiba damu: homoni huchagua chumvi, maji hufuata

Mtazame mbu jike wa Aedes aegypti anapofyonza damu mkononi. Kabla hajachomoa mdomo, tone angavu huchuruzika mkiani, kisha jingine. Ni mkojo huo. Amebeba damu inayofikia au hata kuzidi uzito wake mwenyewe, na shida yake ni plazima, yaani majimaji ya damu: maji na sodiamu tele, ilhali anachotaka ni protini ya mayai. (Tone likiwa jekundu, yaelekea ni Anopheles, mbu wa malaria, huyo hutoa na chembe za damu.)

Mirija yake mitano ya Malpighi, ndiyo viungo vyake vya kutengeneza mkojo, haichuji damu kwa shinikizo kama figo zetu. Seli kuu za mrija zina pampu zinazosukuma protoni (ayoni za hidrojeni) mrijani, kwenye utando unaotazama ndani ya mrija. Protoni zikirudi ndani ya seli, sodiamu na potasiamu hutoka badala yake na kuingia mrijani. Kloridi huzifuata, na maji nyuma yake.

Kusema homoni "huongeza mkojo" ni kueleza nusu tu. Mrija uliotulia hutoa sodiamu na potasiamu karibu sawasawa. Peptidi (homoni ya mnyororo mfupi wa amino asidi) iitwayo DH31 hupandisha cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, katika seli kuu, sodiamu ikazidi mno, potasiamu ikapungua. Kinini, peptidi nyingine, hupitia seli ndogo zenye umbo la nyota: hufungulia kloridi njia, na sodiamu na potasiamu hutoka zote mbili. Peptidi za CAPA, kwa kutumia cGMP, molekuli ya ujumbe kama cAMP, huzima kichocheo cha DH31. Zisingekuwepo, huenda mbu angejikausha.

Kupima tunatumia mbinu ya Ramsay ya mwaka 1954. Weka mrija katika tone la maji ya chumvi la mikrolita 18, lifunikwe na mafuta ya parafini (yale mazito ya duka la dawa, si mafuta ya taa). Vuta ncha iliyo wazi nje ya tone, izungushe kwenye pini; mkojo hutokea hapo kama tone dogo ndani ya mafuta. Pima nusu saa bila homoni, kisha ongeza mikrolita 2 za homoni iliyokolezwa mara kumi.

Tone la mkojo lenye kipenyo cha milimita 0.1 ni nanolita 0.52 tu, likifika 0.2 ni 4.2. Hapo ndipo wengi huumia: ukikosea kipenyo kwa asilimia 10 kwenda juu, ujazo unazidi kwa asilimia 33. Tone lililobonyea sakafuni mwa sahani si tufe, usilitie kwenye hesabu. Mrija ukikwaruzwa na kibanio huvuja, nawe utadhani homoni haifanyi kazi. Peptidi nazo hung'ang'ania plastiki, kwa hiyo tia albumini (protini ya kuzuia kunata huko) kidogo kwenye kichupa.

Na tone usilitupe baada ya kulipima. Liguse kwa elektrodi ndogo ya sodiamu, kisha ya potasiamu, maana kwa kipenyo peke yake DH31 na kinini zote mbili zitaonekana zimeongeza mkojo, basi.