Je, wajua kwa nini filamu ya zamani hurudi na vitu usivyowahi kuviona?

Mpwa wangu alikuja nyumbani Magomeni na flashi yenye filamu ya E.T., tukakaa kuitazama. Watoto walipoanza kukimbia na baiskeli nikamwambia, "Angalia sasa, askari wanawazuia kwa bunduki." Askari wakatokea kweli, ila mikononi wameshika redio za mawasiliano.

"Mjomba, bunduki ziko wapi?"

Nilikuwa nimeiona filamu ile kwa kanda ya VHS zaidi ya mara moja, na bunduki nazikumbuka. Wala sikukosea. Ilipotoka mwaka 1982 zilikuwemo. Mwaka 2002, ilipotimiza miaka 20, mwongozaji wake, Steven Spielberg, aliirudisha kwenye majumba ya sinema, bunduki zikiwa zimefutwa kwa kompyuta na redio kuwekwa mahali pake.

Inawezekanaje kubadili kilichopigwa picha miaka 20 nyuma? Jibu linaanzia kwenye uozo. Filamu za wakati ule ziko kwenye mkanda wa plastiki, picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo filamu ya saa mbili ina picha 172,800. Mkanda huo haudumu. Rangi zake hupauka, nakala nyingi za zamani zikabaki na wekundu mtupu. Aina ya plastiki iitwayo asetati, ikikaa kwenye joto na unyevu, hutoa harufu kali ya siki, kisha hunywea na kujikunja. Nikifikiria mikanda iliyopita kwenye majumba yetu ya sinema kama Avalon na Empire, katika jiji ambalo hata mkate huota ukungu upesi, naumia.

Ili filamu iokolewe, mkanda husafishwa, kila picha ikaingizwa kwenye kompyuta, mikwaruzo ikafutwa, rangi zikarudishwa. Pengine vipande vyenyewe husakwa nchi za mbali. Filamu ya Metropolis ya mwongozaji Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilikatwa muda mfupi baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ikadhaniwa imepotea. Mwaka 2008 nakala ndefu ilitambuliwa kwenye jumba la makumbusho Buenos Aires, na dakika kama 25 zikarudi mahali pake. Vipande hivyo vimekwaruzika vibaya, na hata katika nakala ya 2010 unavitambua mara moja. Napenda hivyo, maana unaona wazi kilichonusurika na kilichoumia.

Lakini picha ikishaingia kwenye kompyuta, mkono unaofuta mkwaruzo unaweza kufuta bunduki. Star Wars ya 1977 ilirudi sinema mwaka 1997, ikiwa imesafishwa na pia kuongezwa vitu. Kuna tukio lililopigwa zamani kisha likaachwa, ambamo mwigizaji Harrison Ford anazungumza na mtu aliyeshika nafasi ya mhusika aitwaye Jabba. Mwaka 1997 yule mtu aliondolewa, akawekwa Jabba wa kompyuta, dubwana lenye mkia mrefu. Tatizo, Ford alikuwa amepita nyuma ya yule mtu, mahali ambapo sasa pana mkia. Mafundi wakainyanyua picha yake kidogo, ikaonekana anaukanyaga mkia na Jabba anashtuka.

Sababu ya kufanya haya ni biashara ya maadhimisho, na pia mtunzi kutaka kumalizia alichoshindwa ujanani kwa kukosa fedha au mitambo. Hiyo ya pili naiheshimu. Kinachoniuma ni nakala ya kwanza kufichwa. George Lucas mwenyewe, mtunzi wa Star Wars, mwaka 1988 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga filamu za zamani kubadilishwa, akisema ni urithi wa umma. Halafu Star Wars ile ya 1977 ikawa adimu kwa miaka mingi.

Wengine walifanya vizuri zaidi. Blade Runner ya 1982, iliporekebishwa mwaka 2007, iliuzwa pia katika boksi moja lenye matoleo 5, mtu achague. Naye Spielberg alijutia zile redio, na diski ya mwaka 2012 ikatoka na bunduki zake.

Hiyo ndiyo niliyomtafutia mpwa wangu. Tulipofika kwenye baiskeli alisimamisha picha, akasogea karibu kabisa na televisheni, akanyooshea kidole bunduki ya askari mmoja. Kisha akarudisha nyuma sekunde chache ili aione tena ikiinuliwa.