Ile pesa ya waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje: ilikuwepo, na haipo tena

Kiwanda kikitangaza kufunga huku Marekani, haipiti wiki kabla sijaletewa swali lile lile kwenye WhatsApp: "Kaka, wazee wa kiwandani wanasema serikali ina pesa ya kusomesha watu ambao kazi yao imehamia China. Tunajiandikisha wapi?" Wengi wanaouliza ni ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, watu wa zamu ya usiku. Kazi yangu ni ushauri wa ajira, nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, na sasa nimeona heri niandike mara moja.

Wazee hawakudanganya. Mpango huo unaitwa Trade Adjustment Assistance, kwa kifupi TAA, na umesaidia watu kwa miongo kadhaa. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi hairuhusiwi kupitisha ombi jipya lolote. Ukiachishwa kazi leo, hata ukiwa na ushahidi gunia zima kwamba bidhaa za nje ndizo zilizokuondoa, hakuna wa kuupokea.

Ulizaliwa 1962, ndani ya sheria ya biashara ya Rais John F. Kennedy. Kennedy alitaka Bunge limpe ruhusa ya kupunguza ushuru wa forodha, na alihitaji vyama vya wafanyakazi visimwekee kizuizi. Hoja ilikuwa ya haki: kama nchi nzima itanunua vitu kwa bei nafuu kwa uamuzi wa serikali, si halali hasara yote imwangukie mfuma nguo au mshona viatu. David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alikuwa amelipendekeza jambo hilo tangu 1954. Kwa hiyo tangu mwanzo TAA ilikuwa msaada na wakati huo huo ilikuwa bei ya kura. Hilo la pili ndilo lililokuja kuiua.

Miaka saba ya kwanza ilikuwa aibu. Mpaka kufikia Novemba 1969 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa, kwa sababu sheria ilitaka wathibitishe kwamba kupunguzwa kwa ushuru ndiko kulikoongeza bidhaa za nje, na kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kuu ya wao kukosa kazi. Vyama vya wafanyakazi vikaubatiza mpango jina la bima ya mazishi. Sheria ya 1974 ililegeza kamba: ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa uzito. Basi 1980, magari ya Kijapani yalipoitikisa Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, waliolipwa wakapita nusu milioni na gharama ikafika takriban dola bilioni 1.6. Mwaka uliofuata serikali ya Rais Reagan ikaukata mpango huo vibaya sana.

Watu wachache wanajua ombi lilivyokuwa likiamuliwa, nami naliona hilo ndilo kiini cha jambo lote. Kuomba kulikuwa rahisi: wafanyakazi watatu wa sehemu moja walitosha, au chama chao, au mwajiri mwenyewe, au ofisa wa ajira wa jimbo. Ombi likienda Washington, mchunguzi alipewa siku 40. Hakuwa anakuja kukutazama machozi. Alituma maswali kwa kampuni iliyokuachisha, kisha kwa wateja wa kampuni hiyo: je, mmepunguza kununua kwa huyu mkaanza kununua kutoka nje? Yaani miaka yako ishirini kwenye mashine ilining'inia kwenye jibu la karani wa manunuzi usiyemjua, kwenye mji usiowahi kufika. Akijibu kwamba wamehamia kwa muuzaji mwingine wa humu humu Marekani, ombi limekufa. Kiwanda kikihama kutoka Ohio kwenda Texas, hakuna kitu. Roboti likichukua nafasi yako, hakuna kitu. Mama aliyekuwa akiuza chakula nje ya geti naye hakuhesabiwa, ingawa wateja wake wote wameondoka siku moja. Mwenye nyumba yeye haulizi kazi imeuawa na nani. Anataka kodi yake tarehe moja.

Waliopita kwenye tundu hilo, lakini, walipata msaada ambao hakuna mpango mwingine wa ajira nchini humu unaoufikia. Masomo yalilipiwa, na baada ya mafao ya kawaida ya ukosefu wa ajira kwisha, posho ya kila wiki iliendelea ilimradi uko darasani. Kwa sheria ya 2015, ukijumlisha yote, mtu aliweza kufika wiki 130. Masomo ya Kiingereza na ya kumalizia sekondari yaliruhusiwa pia, jambo ambalo kwa wakimbizi lilikuwa na uzito kuliko cheti chenyewe cha ufundi. Waliofika miaka 50 na wakapata kazi ya mshahara mdogo zaidi, usiozidi dola 50,000 kwa mwaka, walifidiwa nusu ya pengo, kikomo dola 10,000 ndani ya miaka miwili. Mtego ulikuwa kwenye tarehe. Ilibidi uwe umeandikishwa masomoni, au umepewa msamaha wa maandishi, ndani ya wiki 26, la sivyo posho inapotea. Barua za kueleza hayo ziliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria.

Chukua Kannapolis, North Carolina. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, watengenezaji wa taulo na mashuka, ilifunga. Zaidi ya watu 6,000 nchi nzima walipoteza kazi, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa wa eneo hilo. TAA iliwafikia, na chuo cha jamii cha hapo, Rowan-Cabarrus, kikafurika. Wengi walikuwa wameingia kiwandani wakiwa vijana bila kumaliza sekondari. Sasa wakiwa na miaka 50 wanaanza na hesabu za sehemu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anafundishwa "kazi za kesho" ni rahisi ukiwa Washington.

Je, mafunzo yalisaidia? Wataalamu wamevutana. Tathmini kubwa ya 2012 iliyoagizwa na Wizara ya Kazi ilikuta kwamba washiriki, katika miaka minne ya mwanzo, walipata kipato kidogo kuliko wenzao waliofananishwa nao. Baadaye mchumi Benjamin Hyman alitumia ujanja mzuri: wachunguzi wa maombi walitofautiana, wengine wapole, wengine wagumu, na mwombaji hakuchagua wa kwake. Akalinganisha waliobahatika na wasiobahatika, akakuta waliopata TAA walizidi kwa takriban dola 50,000 katika miaka kumi. Mimi namwamini Hyman zaidi, kwa sababu anaangalia muda mrefu; aliye darasani miaka miwili lazima mwanzoni aonekane yuko nyuma. Lakini kwa hesabu za wachumi Autor, Dorn na Hanson, mikoa iliyopigwa na bidhaa za China ilipata ongezeko la malipo ya ulemavu zaidi ya mara 30 ya ongezeko la TAA. Watu walikwenda kwenye mlango uliokuwa wazi.

Kifo cha mpango kilikuwa cha kisiasa. Juni 2015 wabunge wengi wa chama cha Democratic, marafiki wake wa miaka yote, waliupigia kura ya hapana ili kuzuia mamlaka ya kibiashara ya Rais Obama, yaani ruhusa ya kujadili mikataba ya biashara, iliyokuwa imefungwa pamoja nao; ukaanguka kwa 302 dhidi ya 126, kisha ukafufuliwa mwezi huo huo. Mamlaka hayo yalipokwisha 2021, wapinzani wao wa chama cha Republican walitaka viwili hivyo virudi pamoja, Democratic hawakutaka. Hapakuwa na mkataba wa kununulia kura, na TAA ikaachwa iishe muda wake.

Kilichobaki ni hiki. Mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi, akifunga mahali penye watu 50 na kuendelea, kwa kawaida anapaswa kutoa notisi ya siku 60. Ihifadhi barua hiyo. Omba mafao ya ukosefu wa ajira wiki ile ile uliyoachishwa. Majimbo mengi yanalipa hadi wiki 26, ila North Carolina, ile ile ya Kannapolis, sheria yake ya 2013 inaruhusu ukomo ushuke hadi 12. Kituo cha ajira cha eneo lako kina fungu la waliopunguzwa kazi chini ya WIOA, sheria ya mafunzo na ajira ya 2014: linaweza kulipia kozi na halikuulizi nani alaumiwe, ila kwa kawaida halina posho ya wiki baada ya wiki, na pesa ikiisha imeisha. Dai mkalimani; ni haki yako, usimtume mtoto. Na kama uliachishwa kabla ya Julai 2022 kwenye kiwanda ambacho ombi lake lilikuwa limeshapita, usinihesabu mimi kuwa nimekukatalia: uliza kwa namba ya ombi la kiwanda, kwa maandishi, kama bado una stahili yoyote iliyobaki.